Vita vya Tausi na Mwezi Mpevu: Bango Lililosomeka

Nyundo ilishuka.

Haikushuka kwenye kichwa cha Del Pruitt, kama wengi wenu mlivyoamua baada ya toleo la wiki iliyopita. Rambirambi zenu nimezipokea, ahsanteni sana, lakini mmewahi. Mnamzika mtu bado anapumua! Nyundo ilishuka kwenye mlango wa ukumbi wa dansi wa Tausi, ikagonga msumari, msumari ukabana karatasi, na Del alipoisoma karatasi ile akaona heri ingekuwa kichwa.

UKUMBI HUU UMEFUNGWA KWA AMRI YA ZIMAMOTO.

Herufi nyeusi, karatasi nyeupe. Hakuna ua, hakuna jicho linalolia upinde wa mvua, hakuna mwanamke ambaye nywele zake zinageuka moshi. Mzee mwenye mtoto wa jicho angeisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Mwenye nyundo alikuwa Kapteni Aloysius Tierney wa zimamoto, mtu wa masharubu na vifungo vilivyosuguliwa. Alirudi nyuma hatua moja kuangalia kama karatasi imenyooka.

"Kapteni, kosa langu nini?" Del aliuliza.

"Pipa."

"Pipa gani?"

"La machungwa. Liko juu ya ngazi. Tumepigiwa simu."

"Lakini yale ni machungwa ya bure! Mgeni anapanda ngazi, anachukua chungwa, anaingia kucheza. Ule ni ukarimu, Kapteni!"

"Ukarimu umeziba njia. Moto ukitokea, watu watajikwaa kwenye ukarimu wako."

"Basi naliondoa sasa hivi. Naliondoa kwa mikono yangu."

"Liondoe. Mimi nitakuja kukagua Jumatatu."

"Jumatatu! Kapteni, leo Ijumaa. Kesho nina dansi!"

"Ulikuwa nayo," alisema Kapteni. Akainua kidole. "Na nisikie umeibandua. Karatasi hii ikiwa mlangoni, ukumbi umefungwa. Isipokuwapo, sheria inasema sijafunga kitu. Kwa hiyo ukiigusa, Bwana Pruitt, unalala ndani."

Del akakaa kwenye ngazi.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa sababu ya matokeo ya mpira, nakuambia kwa ufupi. Tausi haikuwa mali ya Del; alikuwa amepanga tu. Jengo ni la Mama Ingeborg Sandahl, mjane wa Kiswidi ambaye marehemu mumewe alilijenga ili Waswidi wenzake wacheze. Mkataba una sharti moja la ajabu: Jumamosi mbili zikifuatana bila mtu kucheza dansi ndani, ukumbi unarudi kwa mwenyewe.

Na Jumamosi iliyopita? Jumamosi iliyopita bendi ya Jokofu la Kasisi ilipanda jukwaani, ikaziangalia gitaa zake kwa muda mrefu, ikashuka. Wapenzi wake walitokwa na machozi. Walisema haijawahi kufanya vizuri hivyo. Lakini aliyecheza ni nani? Hakuna. Mama Sandahl alikuwa amekaa nyuma na mkoba wake mapajani, na aliona.

Kwa hiyo kesho ndiyo kesho. Dansi isipochezwa, Del Pruitt anarudi kufundisha watoto wa shule kuruka kamba, na Tausi inachukuliwa na mtu yule yule anayeimezea mate tangu toleo la kwanza la hadithi hii.

"Nani kapiga simu?" Del aliuliza.

"Hakutaja jina," alijibu Kapteni, akaondoka zake.

Del hakuhitaji jina. Jina alikuwa nalo. Clifford Haverstock, mwenye ukumbi wa Mwezi Mpevu, mtaa wa pili! Clifford ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa anauza magodoro na sasa anauza amani, tena amani yake ina bonasi.

"Nitamtafuna mzima mzima," Del alisema.

"Utamtafuna nani?"

Alikuwa Nadine Brubaker, mchoraji wa mabango ya Tausi, anakuja na ndoo ya gundi mkono mmoja na furushi la mabango mkono wa pili. Macho yake yalikuwa mekundu kama rangi zake.

"Del, usiniambie chochote. Siku yangu imeshaharibika."

"Nadine, tumefungiwa."

"Nimepita barabara ya Haight yote," Nadine aliendelea, maana msanii akiwa na huzuni hasikii. "Yote, Del! Bango langu halijaibiwa hata moja."

Hapo ndipo ilipokuwa aibu yenyewe. Mjini kwetu, mwaka ule wa sitini na saba, bango halikupimwa kwa watu waliokuja dansini. Lilipimwa kwa kuibiwa. Unabandika mwanzo wa mtaa, ukifika mwisho unageuka. Kama la kwanza bado lipo, wewe si mchoraji, katafute kazi ya kupaka uzio. Mabango ya Mwezi Mpevu yalibanduliwa gundi haijakauka. Ya Nadine yalikaa wiki tatu. Njiwa walishayazoea.

"Nimeweka nyekundu juu ya buluu mpaka mwenyewe nikatapika," alilia. "Herufi nimezivimbisha kama unga wa mkate. Hakuna binadamu anayeweza kusoma hata neno moja! Wanataka nini zaidi?"

"Nadine. Geuka uangalie mlango."

Nadine akageuka. Akasoma. Ilimchukua nukta moja tu, na hilo lilimuudhi zaidi ya habari yenyewe.

"Nani kachora takataka hii?"

"Zimamoto."

"Haina hata kivuli!"

Waliingia kwenye mgahawa wa ng'ambo kunywa kahawa na kulaani. Del alimlaani Clifford, Nadine akailaani karatasi. Kahawa haijapoa, Del akatazama dirishani.

Mlango wa Tausi ulikuwa mtupu.

"Mama yangu!" Del akaruka, akakwaa kiti. "Nadine, imekwenda! Watasema ni mimi!"

Akatoka mbio. Kwenye kona aliwakuta vijana wawili wenye nywele mpaka mabegani, wanavutana, na katikati yao karatasi ya zimamoto inanyooka kama shuka la kufuliwa.

"Achia! Nimeiona mimi kwanza!"

"Umeiona, umeielewa?"

"Nimeielewa yote! Ndiyo maana naitaka! Angalia, kaka. Inasomeka."

"Yote?"

"Mpaka mwisho! Tena bila kuumwa kichwa."

Yule mwingine akaiachia kidogo, akaitazama kwa heshima. "Lo. Jamaa hana woga. Wenzake wote wanapinda, yeye kanyoosha."

"Vijana," Del alisema akihema, "hiyo ni ilani ya serikali. Ukumbi umefungwa."

"Tunajua, mzee. Umefungwa Kwa Amri. Wanapiga lini?"

"Nani wanapiga?"

"Bendi! Umefungwa Kwa Amri. Jina kali hilo."

Msimcheke kijana wa watu. Wiki ile ile mjini zilikuwa zinapiga bendi za Samaki Wanaowaza, Bakuli la Mvua na Shangazi Yangu ni Umeme. Katika hizo, Umefungwa Kwa Amri ndiyo iliyokuwa na jina la watu wazima.

Del, kwa kuogopa jela, alifanya jambo ambalo hakuna mwenye ukumbi aliyewahi kulifanya. Alimpigia simu Kapteni Tierney mwenyewe aje amfungie tena.

Kapteni alikuja na karatasi ya pili. Akaipigilia. Akageuka kuwasha kiko chake, maana mzima moto huyu alipenda moshi, na aliporudisha macho mlangoni alikuta misumari tu.

"Hii ni dharau!" alinguruma.

"Samahani, baba," ilisema sauti laini. Alikuwa binti mwenye maua kichwani na miguu peku. "Wewe ndiye uliyeichora?"

"Sikuchora. Niliandika."

"Mmesikia?" binti aliwageukia wenzake, ambao kumbe walikuwa kundi zima. "Hakuchora. Aliandika!"

Mguno wa mshangao ukapita.

"Na nyeusi," aliuliza kijana mwenye miwani ya duara, kalamu mkononi, "umeichagua kwa sababu gani?"

"Ndiyo iliyokuwepo stoo," alisema Kapteni.

"Ndiyo iliyokuwepo," yule kijana alirudia polepole, akiandika. "Mungu wangu."

Kapteni aliwatazama mmoja mmoja kama anatafuta mwenye mzaha. Hakumpata. Miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali akasubiri jibu. Akakohoa. Akajishika masharubu.

"Kwa kweli," alisema, "ile ya kwanza haikukaa sawa. Upande wa kushoto ulibana."

"Tuliona!" walipiga kelele. "Tulilia!"

Ya tatu aliileta mwenyewe jioni, pembe zimenyooshwa kwa pasi. Kabla ya kuipigilia, binti wa maua alimwomba aweke sahihi. Kapteni akakataa. Akakataa tena. Halafu akauliza kama kuna mwenye kalamu nzito kidogo.

Jumamosi asubuhi Del alimkuta Kapteni amesimama mbele ya mlango, mikono mitupu, uso umeanguka.

"Zimekwisha, Bwana Pruitt."

"Zimekwisha nini?"

"Ilani. Hata ile niliyoiweka kwa ajili ya kiwanda cha rangi nimewapa. Mpiga chapa wa serikali hafanyi kazi Jumamosi."

Del akautazama mlango. "Kwa hiyo mlangoni hakuna karatasi."

"Hakuna."

"Na isipokuwapo, hujafunga kitu. Ulisema mwenyewe."

Kapteni akatazama chini. Sheria ilikuwa dini yake. "Nilisema," alikubali, akaondoka kichwa chini kama mtoto aliyenyang'anywa tiara.

Del akapanda ngazi akiruka mbili mbili. "Nadine! Tuko huru! Waite Bakuli la Mvua, washa mitambo, tia rangi kwenye mabakuli ya mafuta tuyamulike ukutani! Tunacheza leo!"

"Na bango?"

"Bango la nini? Mji mzima unajua!"

Maskini Nadine. Ilikuwa kama kumwambia mama mtu kwamba harusi imejaa bila bibi harusi.

Saa nane mchana mlango ukabishwa hodi. Del akafungua, na uso kwa uso, na shanga tatu shingoni, alisimama Clifford Haverstock.

Mikono ya Del ikakunja ngumi yenyewe.

"Amani, ndugu yangu," alisema Clifford.

"Amani nyumbani kwako. Umefuata nini?"

"Nimekuja kama kaka kwa kaka. Ile bendi yako."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto, Del. Umefungwa Kwa Amri. Nawataka kwangu, Mwezi Mpevu, miezi mitatu. Kila mtu anawaulizia! Wapo wangapi?"

Del akamtazama. Akatafuta kicheko usoni pake, hakukiona. Basi naye shetani akampanda.

"Idadi yao haijulikani," alisema.

"Haijulikani! Safi. Wanapiga nini?"

"Hawapigi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Clifford akashika ukuta. "Hawapigi kitu kabisa. Del, Jokofu la Kasisi walau wana gitaa. Hawa watafika mbali! Meneja wao nani?"

"Mzee mmoja anaitwa Tierney. Mtafute kituo cha zimamoto."

"Anaishi kituo cha zimamoto," Clifford alinong'ona, na macho yake yakalowa. "Mimi nimehangaika mwaka mzima kumpata mtu wa kweli, kumbe anakaa zimamoto."

Akashuka ngazi mbio, shanga zinagongana. Del akacheka mpaka akashika mbavu. Angejua alichokifanya, asingecheka.

Ilipofika saa kumi na mbili watu walikuwa wameujaza mtaa. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka na baridi ya Juni yetu mnaijua, lakini hawakujali. Walikuja na mablanketi, wakaja na watoto wachanga, wakaja na mbwa. Wakakaa chini barabarani, wote wameelekea mlango wa Tausi.

Del alichungulia dirishani akataka kulia kwa furaha. "Nadine, wamejaa! Tumepona!"

Akashuka, akajinyoosha koti, akafungua milango yote miwili kwa kishindo.

"Karibuni! Karibuni ndani!"

"Aaaa!" mtaa mzima ukaguna.

"Funga!" mtu akapiga kelele.

"Wee! Unatuharibia!"

Del akapigwa na butwaa. "Jamani, ukumbi uko wazi. Kuna muziki, kuna taa, ingieni mcheze!"

Kijana wa miwani ya duara alinyanyuka, akamjia kwa upole kama daktari. "Kaka, mlango ulikuwa umeanza kukolea. Tumeuangalia tangu saa tisa. Wewe unaufungua! Onyesho linaitwaje?"

"Halina jina!"

"Umefungwa Kwa Amri. Sasa ukifungua, umebaki na nini?"

"Nimebaki na ukumbi, baba wee!"

"Funga! Funga! Funga!" walianza kuimba, wakipiga makofi, na machungwa ya bure ambayo Del alikuwa amewagawia mchana yakaanza kumrudia. Moja likampata sikioni. Akafunga mlango, na nje zikapigwa shangwe ambazo Tausi haikuwahi kuzipata tangu ijengwe.

"Bendi iko wapi?" alimuuliza Nadine, juisi inamchuruzika shingoni. "Waanze kupiga, watu watavutika."

Nadine akaonyesha dirisha. Bakuli la Mvua, wote wanne, walikuwa wamekaa barabarani mstari wa mbele, wamefumba macho.

"Wanasema hawawezi kupanda jukwaa moja na bendi kubwa hivyo," alisema Nadine.

Maji yakazidi unga. Watu mamia nje, ndani sakafu tupu inang'aa. Kadiri mlango ulivyofungwa ndivyo Tausi ilivyopendwa, na kadiri ilivyopendwa ndivyo Del alivyozidi kuipoteza. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akazika uso viganjani, akalia. Ndiyo, alilia. Alikuwa ameupenda ukumbi ule kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na sasa unakwenda kwa muuza magodoro.

Mlango wa nyuma ukalia.

Mama Sandahl aliingia na mkoba wake, kofia yake ya ukili na viatu vyake vya kanisani. Alitazama sakafu. Alitazama taa za rangi zilizokuwa zinaogelea ukutani bila mtu.

"Delbert. Hii ni Jumamosi ya pili."

"Najua, Mama."

"Mimi nalala saa mbili. Sasa ni saa moja na nusu. Wachezaji wako wapi?"

"Wako nje, Mama. Wanaangalia mlango."

"Una nini, mlango?"

"Umefungwa."

Mama Sandahl alifikiri. "Marehemu Gustaf wangu alikuwa anafunga mlango watu wakiwa ndani," alisema. "Basi nipe ufunguo, mwanangu. Mkataba ni mkataba."

Akanyoosha mkono. Del akaingiza wa kwake mfukoni, akaushika ufunguo, akautoa nusu. Ndipo akaona ule mkono wa mama ulivyonyooshwa mbele yake, kiganja juu, unasubiri.

Hakuuwekea ufunguo. Aliushika.

"Mama Sandahl," alisema, "mkataba unasema dansi. Haujasema watu wangapi. Tucheze."

"Una wazimu?"

"Kidogo."

"Muziki uko wapi?"

Nadine hakungoja kuambiwa. Akaimwaga gundi iliyobaki, akaigeuza ndoo, akaanza kuipiga. Dum-taka-taka, dum-taka-taka. Mama Sandahl akakunja uso.

"Unakimbilia wapi, binti? Dansi ya kwetu haiendi hivyo. Inazunguka. Moja, mbili, *kaa*, tatu."

Nadine akapunguza. Mama akaweka mkoba chini. Kwanza alikohoa, halafu akaanza kuvumisha wimbo puani, wimbo wa kwao, na mguu mmoja wa kanisani ukasogea.

Walicheza. Del hakujua hatua hata moja, lakini yule mama alimgeuza kama anavyogeuza godoro. Kofia ikamwanguka. Hakuiokota. Mashavu yake yakawa mekundu, na kwenye ukuta ile rangi yote ya mafuta ilizunguka nao, kijani juu ya zambarau.

"Mizunguko mingapi ndiyo dansi kamili, Mama?" Del aliuliza akihema.

"Wimbo ukiisha ndiyo imeisha. Nusu dansi si dansi. Usinikanyage!"

Nje kukasikika kelele mpya. Haikuwa ya kuzomea. Ilikuwa shangwe, inapanda, inapanda, halafu ikawa kimya cha kanisani.

Nadine akakimbilia dirishani, ndoo chini ya kwapa, bado anapiga kwa mkono mmoja. "Del! Ni Kapteni! Ana brashi!"

"Brashi ya nini?"

"Na kopo la rangi! Hana karatasi, Del, anaandika juu ya mlango wenyewe! Na Clifford yuko pembeni, kamshikia kopo!"

Del akaelewa. Karatasi huibiwa. Mlango unaibiwaje?

Kilichotokea ni hiki. Clifford alikuwa amekwenda kituo cha zimamoto kumsifu Kapteni kama meneja mkubwa, akamwambia kwamba mamia wanamngoja barabarani kwa mapenzi. Mtu aliyekwenda nyumbani kichwa chini asubuhi, ukimwambia hivyo jioni, unategemea nini? Tena, ili mambo yawe rasmi, Kapteni alikuja na askari polisi.

Mlango ukafunguliwa. Kapteni Tierney aliingia na rangi nyeusi kwenye masharubu, uso unang'aa kama bwana harusi. Halafu akaona watu wanacheza.

"Simameni!" akapiga kelele. "Ukumbi umefungwa! Nimeufunga sasa hivi kwa mkono wangu! Mnafanya nini ndani ya kazi yangu?"

"Tunamalizia, Kapteni," alisema Del, akizunguka.

"Bwana Pruitt, nisikilize. Ukisimama hapo hapo nakuachia uende nyumbani. Ukiongeza hatua moja tu, askari huyu anakuweka ndani."

Nyuma ya Kapteni, Clifford alichungulia. Akaona sakafu, akaona jukwaa, akaona jengo zima. Akatabasamu, na tabasamu lile Del alilijua. Lilikuwa la mtu anayepima pa kuweka magodoro.

Akisimama, hana ukumbi. Akiendelea, hana uhuru.

"Mama," alinong'ona, "wimbo umebaki kiasi gani?"

"Ubeti mmoja."

"Basi uvumishe."

Mama Sandahl akavumisha. Nadine akapiga ndoo huku machozi yanamtoka. Del Pruitt akacheza ubeti mzima mbele ya sheria, kifua mbele, akimkanyaga mama wa watu kila mzunguko, mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha. Akainama kama alivyoona Waswidi wanavyofanya.

"Imechezwa," alisema Mama Sandahl, sauti wazi ili kila mtu asikie. "Dansi imechezwa ndani ya Tausi, Jumamosi, mimi shahidi. Ukumbi unabaki kwa Delbert."

Tabasamu la Clifford likafa. Pingu zikalia kwenye mikono ya Del, lakini alikuwa anacheka. Walimtoa kwa mlango wa mbele, kupita herufi nyeusi ambazo rangi yake bado ilikuwa inachuruzika, na umati ulipomwona anaibuka amefungwa pingu, ukasimama wote.

"Umefungwa!" walipiga kelele. "Amefungwa! Wamemfunga kwa amri!"

Watu walikumbatiana. Kijana wa miwani ya duara alivunja kalamu yake, akasema hana tena la kuandika. Hata Bakuli la Mvua walipiga makofi.

Mama Sandahl alimfuata mpaka kwenye gari la polisi, akambana kola ya koti vizuri, kama anampeleka shule.

"Mama," alisema Del kutoka kwenye kiti cha nyuma, "nitunzie Tausi mpaka nirudi. Na umwangalie sana Clifford. Ndiye aliyepiga ile simu ya zimamoto."

"Clifford?" Mama Sandahl alimfuta juisi ya chungwa shingoni kwa leso yake. "Masikini, Clifford hajui hata namba. Simu nilipiga mimi, mwanangu, ili ukumbi wangu unirudie. Na Ijumaa nitapiga tena."

Akaufunga mlango wa gari.